Usiuulize utenzi muuaji ni nani

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Marehemu baba aliniachia boksi la vitabu vya upelelezi, vya Bwana Msa na vya Willy Gamba, na nimevisoma mpaka kurasa zinachomoka. Mwaka huu wanawake saba wa mtaani kwetu tumeanza kupokezana kitabu kila mwezi, halafu tunakutana Jumapili kukizungumza. Mwezi wa kwanza ulikuwa utenzi, nikaurudisha baada ya siku mbili. Mwezi wa pili Wasifu wa Siti binti Saad, nikasinzia. Wenzangu wana maneno mengi, mimi nikiulizwa nasema 'kizuri', basi. Je, mimi ni mtu wa kitabu cha aina moja tu? Nitajuaje kipi kinanifaa, na nikikimaliza niseme nini?"

Marahaba mwanangu.

Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi nyuma ya meza ya maktaba hapa Tanga, na wasomaji niliokuwa nikiwahurumia hawakuwa watu kama wewe. Niliwahurumia wale walioazima vitabu vitatu vya aina tatu Jumamosi, wakavirudisha Jumamosi ya pili bila hata mkunjo mmoja. Mtu aliyesoma boksi zima mpaka kurasa zikachomoka ana njaa, na mwenye njaa hafundishwi kula. Ila kuna kosa moja unalifanya, na nitakuambia kwa lugha ya kazi yako: unampima kila mteja kipimo cha suruali. Mama wa watu kaja na kitambaa cha dera, wewe umeshapiga magoti unampima mguu.

Upelelezi umekulea na swali moja zuri: nani kafanya? Mwanzo maiti, mwisho jina. Katikati unanyimwa, unadokezewa, unadanganywa, nawe unapenda kudanganywa. Sasa ukaufungua utenzi ukiwa na swali lile lile mkononi. Utenzi hauna cha kukuficha. Mtunzi anaanza kwa bismillahi, anaomba aletewe wino na karatasi, anakutajia anachotaka kusimulia, halafu ndipo anaingia kwenye kisa chenyewe. Kwa anayengoja siri, ni kama kutajiwa muuaji mlangoni kabla hujavua viatu. Ukaurudisha baada ya siku mbili. Kwa swali ulilokuwa nalo, hata mimi ningeurudisha.

Kila aina ya kitabu ina swali lake, na jambo hili vidole vyako vinalijua zamani. Wiki haipiti bila mtu kukuletea doti ya kanga uikate na kuipinda. Unaikunjua mezani, unatafuta mahali pa kupitisha mkasi, na jicho lako, utake usitake, linapita kwenye jina. Tuseme pameandikwa "Wema hauozi". Hapo hujiulizi nani kafanya. Unajiuliza: anaambiwa nani? Kanga hiyo akiinunua binti kumpelekea mama yake aliyemlelea mtoto, ni shukrani. Akijifunga mke mkubwa, akapita nayo taratibu mbele ya mlango wa mke mdogo, ni mashtaka. Maneno ni yale yale mawili. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha kusoma kanga, lakini ukishikishwa kanga unabadilisha swali bila kujijua. Ndicho ninachotaka ufanye na vitabu.

Turudi kwenye boksi la baba, maana humo mna jibu lako la kwanza. Umeniandikia "vitabu vya upelelezi" kana kwamba ni kitu kimoja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni Mzanzibari wa kiko na mazungumzo. Kisa chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58, kikatoka kuwa kitabu mwaka 1960, na humo mambo yanafumbuliwa kwa watu kukaa, kuhojiana, kukumbuka nani alizaa na nani. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mtu wa mwendo: safari, bastola, wanawake wenye siri, na nyuma yake vita vya ukombozi wa Afrika. Rafu ni moja, ladha mbili. Kwa hiyo kabla hujaendelea kunisoma, inuka ukachungulie boksi: kurasa za nani zimechomoka zaidi?

Sikutanii. Watu wengi wakiulizwa wanapenda nini hutaja kile wanachoona kitawapendeza wanaouliza. Karatasi haijui kujipendekeza. Kitabu kilichochakaa ndicho unachokipenda.

Kama ni za Bwana Msa, wewe mapenzi yako yako kwenye siri za nyumba zaidi ya maiti. Basi umeshafika mlangoni mwa riwaya za jamii za Unguja na Pemba bila kujua. Chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Humo kuna Maksuudi, mzee ambaye nje ni mtu wa heshima zake na ndani ni mtu mwingine, na binti yake Maimuna anayefungiwa nyumbani kama mkufu kwenye sanduku. Hakuna mpelelezi, kwa sababu kila mtu ndani ya nyumba ile anajua. Swali la kitabu cha namna hii ni kali kuliko lile ulilozoea: wote wanajua, mbona hakuna anayesema? Ukikisoma ukiwa na swali hilo huwezi kusinzia.

Kama ni za Willy Gamba, usishangae, nitakurudisha kwenye utenzi ule ule uliokukimbiza. Si lazima uwe huo mliousoma. Nina mmoja wa kwetu.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa mtu wa mwambao huu wetu wa Tanga. Alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na mwaka wake aliuhesabu kwa Hijria, 1307, ambao kwa kalenda ya ukutani kwako ni 1889 kuingia 1890. Vita anavyovisimulia ni vya siku za Abushiri, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Pangani hii hii unayopanda gari asubuhi ukarudi jioni na samaki. Kuna manowari, kuna mizinga, kuna watu waliokimbia na waliokataa kukimbia. Yote uliyokuwa ukiyafuata kwa Willy Gamba yamo, ila mwandishi wa upelelezi anabuni hatari, na huyu ilimpitia mlangoni.

Utauliza, mbona basi ni mgumu? Mgumu kwa sababu uliusoma kwa macho. Utenzi ni kitu cha koo. Jaribu hivi: siku umeme umekatika, kaa kwenye ile cherehani ya miguu, kanyaga pole pole bila kitambaa, halafu soma kwa sauti ukifuata mguu. Mshororo mmoja una mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza inafanana mwisho, wa nne una mlio wake, na mlio huo wa nne unarudi ubeti baada ya ubeti kama kiitikio. Huu nimekutungia mwenyewe upate kujaribia:

Nakaa na cherehani
Hapa petu Ngamiani
Kitabu ki mapajani
Uzi umenikatika

Umesikia "-ka" ile ya mwisho inavyobaki hewani? Sikio linaanza kuingoja. Ukifika ubeti wa kumi, maana ya neno usilolijua unaanza kuikisia kwa mwendo tu, na Kiswahili cha kale kilichokuwa kikikukwaza kinalainika. Swali la utenzi, basi, ni hili: sauti inatua wapi? Mtunzi akitaka neno liume, analiweka pale sauti inapotua. Soma beti ishirini kwa namna hiyo. Zikikushinda, rudisha kitabu kwa amani, hutakuwa na deni.

Na kwa kuwa umeuliza "niseme nini", utenzi na shairi zina jibu la zamani kuliko mimi na wewe. Watu wa pwani hawakuwa wakilichambua shairi, walikuwa wakilijibu. Fulani katunga, fulani kajibu kwa bahari ile ile, yaani mtindo ule ule wa utungo, na vina vile vile, na mwenye kushindwa kujibu ndiye aliyenyamaza. Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na washairi wakiulizana na kujibizana toleo hadi toleo. Kwa hiyo Jumapili mtakapofika kwenye ushairi, usilete maelezo, lete ubeti. Ubeti wangu wa hapo juu ungejibiwa, kwa mfano:

Mwanangu uzi tungia
Sindano yakulilia
Kitabu utakijia
Adhuhuri ikifika

Hauna ufundi mkubwa, najua, na malenga wa Tanga wataniona mtoto. Lakini kuuandika kulinilazimisha nihesabu, nisikilize, na nikubaliane au nisikubaliane na ubeti wa kwanza. Hakuna insha ya kurasa mbili itakayokufanyisha kazi hiyo.

Sasa Siti binti Saad. Hapa nakutetea kidogo. Shaaban Robert alipoandika wasifu ule, uliotoka 1958, lengo lake lilikuwa kumsimamisha mwanamke yule kama kioo cha tabia njema, na mtu anapomwandika mwenziwe ili watu waige, visa huchujwa. Ukikisoma ukingoja tukio baada ya tukio, utasinzia na huna kosa. Swali la wasifu ni jingine: huyu anayesimulia anampenda kiasi gani anayemsimulia, na mapenzi hayo yamemfanya aruke nini? Hapo kitabu kinaamka. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu mjini, na mwaka 1928 sauti yake ikaanza kurekodiwa Bombay kwenye sahani za santuri. Kati ya vyungu na Bombay kuna mambo mangapi ambayo mwanamume mwungwana wa Tanga asingeyaandika hata kama ameyasikia? Fungua tena sura ambayo ulisinzia, utafute mahali sentensi inapokwenda haraka mno. Mimi hupenda kuwaambia watu wasikilize santuri zake kwanza, wasome baadaye, maana kumsoma mwimbaji bila kumsikia ni kama kununua kitambaa kwa simu.

Tawasifu, yaani mtu kujiandika mwenyewe, swali lake liko karibu na hilo lakini linauma zaidi: anajificha wapi? Sitakaa hapo.

Tamthiliya nayo nitaipitia haraka, kwa sababu ninyi mko saba na hamhitaji mtaalamu. Gawaneni nafasi, kila mtu amsemee mhusika wake, someni kwa sauti. Kama ulifika sekondari, bila shaka ulipitia Ngoswe ya Edwin Semzaba, ukatoka umejua kwamba sensa ni muhimu. Isomeni tena kwa midomo saba na mtagundua kwamba zile karatasi za kuhesabia watu, ambazo mwisho wake ni moto, si kiini cha kinachochekesha wala kinachosikitisha. Swali la tamthiliya: wakati huyu anasema, yule amenyamaza kwa nini? Katika kusoma kimya aliyenyamaza haonekani. Katika baraza la watu saba anaonekana, amekaa pale pale na kitabu chake, anangoja zamu.

Niseme na kosa langu, usije ukadhani nilikuwa nikipatia kila siku. Kijana mmoja alinijia akitaka "hadithi ya safari ya ajabu". Nikampa Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, kwa sababu mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nimeimaliza na kichwa kinawaka. Akairudisha kesho yake. Akaiweka mezani bila neno, akageuka, na sikumwona tena kwa miezi. Kitabu kilikuwa cha safari, kweli, lakini si cha barabara. Ni cha mtu anayetangatanga ndani ya mawazo, milango inafunguka kwenda kwenye milango. Nilipaswa kumwambia kitu kimoja tu: kisome kama unavyosikiliza ndoto ya mtu asubuhi. Mtu akikusimulia ndoto humkatizi kumuuliza "ulifikaje huko?" Unamwacha amalize, kisha unamuuliza ulihisi nini. Vitabu vya namna hiyo, na mashairi yasiyo na vina kama yale ya Kichomi ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 1974, ambayo yaliwafanya wazee wa arudhi, yaani kanuni za utunzi, waseme hayo si mashairi, vinaombwa kwa swali hilo. Usianze navyo mwaka huu. Lakini siku moja vitakufaa, hasa usiku ambao hukupata usingizi.

Haya, Jumapili imefika, umeulizwa, na neno lililo mdomoni ni "kizuri".

Nadhani najua lilikotoka. Shuleni tulikaririshwa orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mtihani unahitaji orodha na sina ugomvi na walimu. Lakini orodha ile inamfanya mtu azungumzie kitabu kama karani anayekagua mzigo bandarini: magunia mangapi, yametoka wapi, yamelowa au hayakulowa. Na mtu asiyeikumbuka orodha anajiona hana la kusema, ananyamaza au anasema "kizuri". Huenda wenzako wenye maneno mengi wanakariri orodha tu. Wasikilize vizuri Jumapili ijayo.

Wewe una vipande vya uzi vinavyofagiliwa kila jioni. Chukua viwili, chekundu na cheusi, uvikate vidogo vidogo, uvitie kwenye kopo karibu na kitabu. Ukifika mahali ambapo umesimama, ukarudia sentensi, au umecheka peke yako mpaka mteja akakutazama, laza uzi mwekundu katikati ya kurasa. Ukifika mahali ambapo hukuelewa, hukuamini au umekasirika, laza mweusi. Usiandike kitu, kazi yako haikuruhusu, na usikunje kurasa za watu. Ukimaliza, kiangalie kitabu kwa upande. Nyuzi nyekundu zimejazana wapi? Kuna mahali pa kurasa hamsini pasipo na uzi wowote? Jumapili fungua kwenye uzi mmoja tu, soma aya hiyo kwa sauti, halafu sema: nilisimama hapa. Wenzako watakuuliza kwa nini, na sababu utaigundua wakati unajibu. Mara nyingi mimi sababu zangu nazisikia kwa mara ya kwanza zikitoka mdomoni mwangu.

Uzi mweusi usiuonee haya. Fundi akipewa gauni la fundi mwingine halitazami kwa nje tu akasema zuri. Hulipindua, akaangalia mshono, bitana, pindo limeliwa wapi. Vitabu navyo vipinduliwe. Ila utofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: "hakikunifaa" na "kimeshonwa vibaya". Riwaya ya mapenzi inayokuliza kila sura inaweza isikufae wewe na ikawa imeshonwa sawasawa. Na riwaya ya upelelezi, aina unayoipenda, inaweza kukuchezea rafu: muuaji anatajwa ukurasa wa mwisho na hukuwahi kumwona kabla. Hilo ni pindo lililoachwa wazi, na una haki ya kulalamika hata kama mwandishi ana jina kubwa.

Jibu zuri halihitaji urefu. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa akija maktaba kusoma gazeti. Siku moja akaazima Kusadikika ya Shaaban Robert, kisa cha Karama anayejitetea mahakamani. Aliporudisha nikamuuliza ameionaje. Akafikiri, akafuta miwani kwa shuka ya msuli wake, akasema: "Huyu Karama ana bahati. Aliyemhukumu alimsikiliza mpaka mwisho." Akaenda zake. Sikumuuliza ni nani ambaye hakumsikiliza yeye. Lakini nimeisoma Kusadikika mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara naisoma na sentensi ya mzee yule.

Tena maoni yako ya kwanza si kiapo. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963. Mwaka 1969 akatoa tafsiri nyingine ya tamthiliya ile ile, ameisahihisha, na safari hii hata jina limekaa Kiswahili: Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, na kazi zote zile, alirudi kwenye kitabu alichokwisha kukimaliza. Nawe ukisema Machi kwamba wasifu ule umekusinzisha, ukasema Oktoba kwamba umeuona vingine, hakuna atakayekudai.

Umeuliza pia utajuaje kipi kinakufaa, na hapo nikupe siri moja ya kazi yangu ya zamani. Maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey huweka fasihi ya Kiswahili chini ya namba 896.392. Ikifuatiwa na 1 ni ushairi, 2 tamthiliya, 3 riwaya na hadithi. Iko kwenye kikaratasi mgongoni mwa kitabu. Mpangilio huu unasaidia sana kutafuta kitabu unachokijua, na unazuia sana kukutana na usichokijua. Utenzi wa Hemedi utakaa kwenye 896.392, na historia ya vita vile vile itakaa mbali, kwenye 967.8, pamoja na historia ya Tanzania. Ndugu wa damu wametenganishwa na rafu kumi. Anayesimama mbele ya riwaya tu hatawaona wote wawili. Kwa hiyo ukienda Maktaba ya Mkoa hapa mjini, usimwambie mkutubi "nataka riwaya" wala "nataka ushairi". Mwambie kitu ulichokipenda ndani ya kitabu cha mwisho: bandari, mahakama, nyumba yenye siri, mtu anayetoroka. Akiwa mkutubi wa kweli atainuka kitini. Ukisema bandari, kwa mfano, mtu mzuri atakupeleka kwa Adam Shafi na Kuli yake ya 1979, ya wachukuzi wa Unguja na mgomo wao, na wanaume wa mtaani kwenu waliofanya kazi gatini wataisoma hata kama hawajawahi kushika riwaya.

Maelezo yaliyo nyuma ya kitabu usiyaamini, yameandikwa na mwenye kuuza. Soma ukurasa wa kwanza, halafu fungua katikati usome mmoja mwingine, maana wa kwanza kila mwandishi ameupiga pasi. Kwa vitabu vipya, tazama pia waliopata Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa mwaka 2023. Si kila kilichoshinda kitakufaa, lakini utapata majina ambayo hayamo kwenye boksi la baba. Na wale wauzaji wanaotandika vitabu chini kando ya barabara usiwapite. Kwao hakuna Dewey, kila kitu kimechanganyika, na ndiyo faida yao.

Zamu yako ya kuchagua kitabu cha mwezi itafika, na ningekuwa wewe ningepeleka hiyo hiyo Kusadikika, ya mwaka 1951. Mtunzi wake, Shaaban Robert, ni wa kwetu, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo. Nchi yenyewe iko angani, haipo duniani, na kwa mtu wa upelelezi hilo linaweza kukutisha. Lakini ingia kwa mlango wako: ni kesi. Mtu anaitwa Karama, ameshitakiwa, mshitaki wake ni waziri, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na jambo jema na kila mmoja akaishia gerezani. Safari hii mshitakiwa unamjua tangu mwanzo na unajua hana hatia. Usiulize nani kafanya. Uliza nani anaogopa, na anaogopa nini.

Ni kitabu chembamba, kinaingia kwenye droo ya cherehani pamoja na futi na chaki. Ukifika kwa mjumbe wa tatu simama, hesabu nyuzi, kisha niandikie ni rangi gani iliyozidi.